Redio Inayoishia Tisini

Jumamosi, 4 Machi 2023

Vitz tuliyoagiza Japani imefika jana usiku kutoka Mombasa. Leo nimeiendesha hadi sokoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye redio. Inaanzia 76.0, inapanda mpaka 90.0, halafu inarudi mwanzo kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Karibu Nairobi nzima iko ng'ambo ya hapo: Capital 98.4, Kiss 100.3, Maisha 102.7, Citizen 106.7. Iliyoshika vizuri ni Ghetto 89.5 peke yake. Sina ugomvi na vijana wa Ghetto, ila asubuhi kabla ya chai ni mapema mno.

Halafu kuna mama wa Kijapani anayesema kutoka ndani ya gari. Kila nikiwasha gari ananiambia jambo kwa adabu kubwa. Jirani aliyewahi kuuza magari anasema analalamika kwamba kadi ya ETC haijatiwa, ile ya kulipia barabara za kwao. Atalalamika sana. Expressway yetu ina vifaa vyake.

Jumapili, 5 Machi

Baba alikaa mbele tulipokwenda kanisani. Hata mkanda hajafunga: "Weka Taifa." Nikamweleza kwamba Taifa iko 92.9, na 92.9 haimo katika redio hii. Akaitazama dashibodi, akanitazama mimi. Gari la 2016, lina kamera ya kurudi nyuma, lakini Taifa halina? Akanyamaza mpaka kanisani, na kunyamaza kwa Baba kuna sauti.

Usiku nimesoma sababu yake. Japani walipogawa masafa, nafasi ya 90 hadi 108 waliipa televisheni, chaneli ya kwanza hadi ya tatu. FM ikabanwa kuanzia 76 hadi 90. Televisheni za analogi zilizimwa Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami, ambayo ilingoja hadi Machi 2012. Nafasi ikabaki wazi, na Desemba 2015 stesheni kubwa za AM za Tokyo zikaanza kusikika pia kwenye FM, juu kidogo ya 90. Ndiyo maana redio nyingi mpya za kule zinafika 95. Mwenye Vitz hii kule Japani alifungiwa ya zamani, au ya bei nafuu. Ingefika 95, Baba angepata Taifa yake bila maneno. Citizen hata hivyo isingepatikana.

AM haina shida. Kule na huku stesheni zimepangwa kwa hatua ya kilohazi 9. Wanaoteseka hapo ni wenye redio za Marekani, zinazoruka kwa 10.

Jumanne, 7 Machi

Kirinyaga Road, kwa fundi wa redio. Kabla hajagusa bisibisi, fundi aliniuliza: "Mama, nyumbani mnasikiliza nani?" Nilidhani ni mazungumzo tu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Kifaa chao wanakiita ekspenda. Ni kijikasha kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, kikala umeme wa volti 12 wa gari. Ndani yake mna fuwele inayotetema kwa kasi isiyobadilika, na kwa mtetemo huo kila stesheni inayoingia inashushwa kwa kiasi kile kile. Zipo za 16, za 18, za 20. Ukifunga ya 16, Capital 98.4 unaitafuta kwenye 82.4. Redio haijui kwamba imedanganywa.

Tatizo ni upana. Redio yangu ina nafasi ya 14 tu, na FM yetu, kuanzia 87.5 hadi 108, inataka zaidi ya 20. Lazima mtu abaki nje. Fundi alichora hesabu kwenye kisanduku cha taa. Kwa ya 16, Taifa inakuwa 76.9, inaingia, Citizen inakuwa 90.7, inabaki nje. Kwa ya 18, Citizen inakaa vizuri kwenye 88.7, lakini Taifa inaangukia 74.9. BBC 93.9 nayo inakuwa 75.9. Pointi moja tu!

"Wengi huchukua 18," alisema, "kwa sababu ya Citizen."

Mume wangu ni mtu wa Citizen. Baba ni mtu wa Taifa. Mafuta nanunua mimi. Nimechukua 16.

Ijumaa, 10 Machi

Inafanya kazi. Mume wangu amepokea habari kwa utulivu wa mtu anayepanga jambo.

Classic 105.2 sasa iko 89.2, jirani kabisa na Ghetto, ambayo ina nguvu kiasi kwamba inapenya ekspenda bila kushushwa na kubaki pale pale 89.5. Nikipita sehemu fulani za mji, wanandoa wanasutana kwenye Classic huku chini yao kijana anarapu. Fundi alinionya. Si vibaya, mara nyingine kijana ana hoja.

Jumapili, 19 Machi

Mume wangu ameleta bei ya redio ya Android yenye kioo kikubwa, inayofika 108 bila ekspenda. Itabidi kamera iunganishwe upya na vibonyezo vya usukani vifundishwe kazi. Nimemwambia tuongee baada ya karo. Kwa sasa anapanda gari na simu yake ya kabambe, spika za masikioni zimechomekwa kwa sababu waya wake ndio antena, anasikiliza Citizen na kucheka peke yake kwenye kiti cha nyuma.

Baba ndiye tatizo jipya. Amesoma 76.9 kwenye dashibodi na ameamini. Jana alimpigia mjomba aliye Kayole kumwambia Taifa imehamia 76.9. Mjomba amezungusha redio yake jioni yote, na betri ni mpya. Nimemwambia Baba ampigie tena amweleze juu ya ekspenda. Amesema hapana, kosa ni la mjomba kununua redio ambayo haianzii 76.