SAHIHI YA JIRANI

Kampuni moja iliomba kusimamisha mnara wa simu kwenye ploti ya kanisa letu. Kodi yake ingetuezekea paa jipya. Kabla ya kibali cha NEMA na cha kaunti, majirani hujaza fomu za maoni. Mama wa nyuma ya ukuta alikuwa amesafiri. Nikashika kalamu nimtilie sahihi.

Roho akanikumbusha Nabothi. Barua za Yezebeli nazo zilikuwa na muhuri, na mtu akafa. Nikaweka kalamu chini.

Mama aliporudi aliandika, "Sikubali." Kampuni ikaenda kwingine. Paa bado linavuja.

Mpendwa, ni nani unataka kumjibia leo? Mngoje arudi. Amina.