Pauni Moja Kila Jumamosi

Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza ilichezeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 19 Novemba 1994. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka moja mjini Leicester, nikiuza tiketi. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Mombasa, nikifanya kazi jioni na mwisho wa wiki ili nijikimu. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Jinja, mmoja wa maelfu waliopewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini humo. Walikuja, na wengi wao wakafungua maduka. Mzee huyo alizungumza nami Kiswahili tangu siku niliyoingia kuomba kazi, akaniita binti, na mengi ninayoyajua kuhusu bahati nasibu niliyapata kwa kusimama kando yake.

Siku ile foleni ilitoka nje ya mlango hadi kwenye baridi. Mteja alichukua karatasi yenye namba 1 hadi 49, akatia alama kwenye sita, nami nikaipitisha kwenye mashine ikatoa tiketi. Pauni moja. Usiku BBC ilionyesha mipira ikizunguka, na zaidi ya watu milioni 20 wakatazama. Washindi saba waligawana karibu pauni milioni 6. Kwenye televisheni na kwenye mabango kulikuwa na tangazo la mkono mkubwa unaotoka mawinguni, kidole kikimnyooshea mtu wa kawaida nyumbani kwake, kumwambia kwamba huenda akawa ni yeye. Wateja wetu waliamini. Sikuona hata mmoja aliyecheka alipolitaja tangazo lile.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambamo kamari ni haramu, na bado naamini hivyo. Lakini hapa sitaegemea dini, kwa sababu mzee wa Jinja hakuwa Mwislamu, naye alifika palepale kwa njia ya hesabu. Jioni moja duka lilipopoa, alichukua kalamu akanichambulia ile pauni nyuma ya risiti. Takriban nusu inarudi kwa washindi. Peni 28 zinakwenda kwenye miradi ya jamii, peni 12 ni kodi ya serikali, peni 5 ni za duka, na zinazobaki ni za kampuni inayoendesha.

“Binti,” akasema, “hapa mimi napata peni tano kila tiketi, na sikubahatisha chochote.”

Kisha akaendelea. Mtu akipatia namba tatu hulipwa pauni 10. Nafasi ya kupatia tatu ni moja katika 57. Maana yake, kwa wastani, anayezitaka hizo pauni 10 atoe pauni 57 kwanza. Na zawadi kuu? Namba sita kati ya 49 zinaweza kupangwa kwa njia 13,983,816. Anayenunua tiketi moja kila wiki angehitaji karibu miaka 269,000 kununua tiketi nyingi kiasi hicho. Mzee aliikunja risiti akaitia mfukoni. Sikuwahi kumwona akijinunulia tiketi.

Aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, ni mama mmoja wa Kiingereza, mjane, aliyekuwa akifanya usafi katika kiwanda cha soksi. Leicester ilikuwa bado na viwanda hivyo. Alicheza namba zilezile kila wiki: tarehe za kuzaliwa za marehemu mumewe, watoto na wajukuu. Alipofika kaunta alimwaga sarafu kutoka pochi yake na kutenga kwanza pauni ya tiketi. Zilizobaki ndizo alizozihesabu mara mbili, akitazama siagi, kisha majani ya chai, kisha siagi tena, halafu anarudisha kimoja kwenye rafu. Theluji ikianguka alikuja. Akiwa na homa, kitambaa kikiwa shingoni, alikuja. Nilimwambia mara moja kwa heshima, “Mama, wiki hii pumzika.” Akanitazama kwa hofu halisi. “Na zikitoka wiki hii?”

Hapo ndipo nilipoelewa bahati nasibu inamshikaje mtu. Aliyekwisha kuzifanya namba kuwa zake hawezi tena kuacha bila kuogopa, kwa sababu kila Jumamosi atazijua zilizotoka. Pauni ya wiki ya kwanza alitoa kwa matumaini. Pauni zote zilizofuata alitoa kwa hofu. Na Februari 1997, nilipokuwa bado dukani, ikaongezwa droo ya Jumatano. Mama yule akaanza kutenga pauni mbili.

Nirudi nyuma kidogo: tarehe 14 Januari 1995 lilitokea jambo ambalo gazeti lolote lingepaswa kulieleza kwa kina zaidi. Zawadi kuu ilikuwa imelimbikizwa hadi pauni milioni 16 na kitu. Namba zilizotoka ni 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Watu 133 walikuwa nazo, na kila mmoja akapata pauni 122,510. Wateja walishangaa: imewezekanaje watu wote hao? Mzee alichukua karatasi tupu, akatia alama kwenye namba hizo, akanionyesha. Alama zilikuwa zimekaa karibu na katikati ya karatasi, zikishuka kutoka juu hadi chini. Watu wengi wanapodhani wanabahatisha, mkono hupita njia moja. Anayefuata tarehe za kuzaliwa naye hawezi kuvuka 31, kwa hiyo hata siku akishinda huenda akagawana na wenzake wengi. Pauni 122,510 zilitosha kununua nyumba Leicester miaka ile, wala sisemi kwamba hazikuwa kitu. Lakini kila mmoja wao alikuwa amekodolea macho milioni 16.

Machi mwaka huohuo zikaja kadi za kukwangua. Hizo zilikuwa mbaya zaidi, maana hazikusubiri Jumamosi. Mtu alikwangua kwa sarafu palepale kaunta, akipata pauni moja ananunua kadi nyingine, hadi pauni inaisha. Kazi yangu ikawa kufuta ule unga wa kijivu kabla mteja wa pili hajaweka mkate wake juu.

Wanaoitetea bahati nasibu husema fedha zake zinasaidia jamii, na kweli zimejenga mengi. Ila sitasahau kwamba mwaka 1995 zaidi ya pauni milioni 12 za bahati nasibu zilinunua nyaraka za Winston Churchill kutoka kwa familia yake, na zaidi ya milioni 50 zikatengewa jumba la opera la Covent Garden, London. Naheshimu historia na muziki. Lakini nilijua pauni zile zilitoka kwenye pochi ya nani, kwa sababu nilizipokea mimi.

Nimesharudi Mombasa miaka mingi. Huko Uingereza tiketi ilipanda hadi pauni 2 Oktoba 2013, na Oktoba 2015 mipira ikaongezwa kutoka 49 hadi 59, nafasi ya kupata zawadi kuu ikawa moja katika milioni 45. Hapa kwetu wapwa wangu wanabashiri mpira kwenye simu, usiku, kitandani, bila muuzaji wa kuwaona wakihesabu kilichobaki. Wameniuliza, shangazi, inalipa? Hailipi. Haikumlipa mama wa kiwanda cha soksi, na haitawalipa wao. Asiyeniamini aandike kwenye daftari kila shilingi anayotoa na kila anayopata, kuanzia leo hadi siku kama ya leo mwakani, kisha ajumlishe mwenyewe.