Usimwadhibu Mtoto Kabla ya Kumpima Macho

Ndugu msomaji, nina jambo ambalo naona aibu kulisimulia, lakini nitalisimulia kwa kuwa huenda yupo mzazi mwenzangu anayetenda kosa lilelile wakati huu asomapo ukurasa huu.

Mwanangu wa kiume, aliyekuwa darasa la tatu, alilalamika kwamba kichwa kinamwuma kila arudipo kutoka shuleni. Nilimwambia kuwa ule ni uvivu wa kusoma. Siku moja nikamchapa. Mama yake ndiye aliyesema kwamba maumivu hayaponywi kwa fimbo. Akamshika mtoto mkono, tukaenda hospitali.

Daktari alipunguza mwanga chumbani, akammulika mtoto machoni kwa oftalmoskopu, kifaa kidogo cha mkononi ambacho asili yake ni kile kilichobuniwa mwaka 1851 na Mjerumani Hermann von Helmholtz. Kupitia tundu la mboni, daktari huona hadi nyuma ya jicho, mahali unapoanzia mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo. Ni duara lenye upana wa milimita moja na nusu hivi, nalo hupitisha nyuzi zipatazo milioni moja. Ni mahali pa nadra mwilini ambapo mshipa wa fahamu waweza kutazamwa bila kisu.

Daktari alinyamaza kitambo. Kisha akatwambia kwamba katika macho yote mawili kingo za duara hilo zimeinuka, wala hazionekani wazi. Akatufafanulia kuwa shinikizo likizidi ndani ya fuvu, ama kwa uvimbe katika ubongo, ama kwa maji kujaa kichwani, mshipa huo huvimba. Na hilo ni jambo lisilongoja kesho. Lakini wapo pia watoto ambao mishipa yao huonekana kama imevimba, kumbe haikuvimba. Kwa kifaa kile peke yake, yeye hakuweza kuapa. Akatuandikia barua siku ileile twende kwa bingwa wa macho.

Usiku ule sikulala. Niliketi kando ya kitanda cha mtoto nikisikiliza pumzi zake, na kila nilipofumba macho niliiona fimbo yangu.

Kesho yake bingwa alimtia mtoto matone ya kutanua mboni, akaipiga picha sehemu ya nyuma ya jicho. Kisha mtoto akafumba macho, akapakwa jeli juu ya kope, na bingwa akapitisha hapo kifaa cha ultrasaundi, mtambo wa jamii ya ule wanaopimiwa wajawazito. Katika kioo chake tuliona nukta ing'aayo kama punje ya mchele, ndani ya kichwa cha mshipa. Bingwa akapunguza nguvu ya mtambo. Vingine vyote vikafifia, nukta ile ikabaki iking'aa. Alisema hivyo ni vijiwe vyenye chokaa, viitwavyo druseni, na ndivyo vilivyouinua mshipa.

Upo pia mtambo uitwao OCT, ambao habari zake zilitangazwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1991. Huo hutumia mwanga kuchora tabaka za jicho moja moja na kupima unene wake. Hautoboi wala hauumizi. Mtoto hutakiwa kutulia kwa sekunde chache tu. Hata hivyo, kwa watoto wadogo vijiwe huweza kuwa vimezama, tena havijapata chokaa, vikafichika. Ndiyo maana bingwa hupima zaidi ya mara moja na kulinganisha picha za leo na za miezi ijayo.

Mwanangu alipewa miwani, na kichwa kikaacha kumwuma. Atapimwa kila mwaka, kwani druseni huweza kupunguza polepole uwezo wa kuona vilivyo pembeni.

Tulipokuwa tukiaga, bingwa alisema vijiwe hivyo huonekana katika ukoo. "Baba, hebu nawe weka kidevu hapa." Nikaweka. Nami ninavyo. Kumbe nilimchapa mtoto aliyerithi macho yangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, mtoto hajui kwamba haoni vema, maana hana macho mengine ya kulinganishia. Akiumwa kichwa mara kwa mara, hasa asubuhi, akitapika, akiona kitu kimoja kuwa viwili, akipata makengeza ya ghafla, mpeleke hospitali bila kukawia. Usiseme, "Huenda ni vijiwe tu," kwa kuwa mwanangu alikuwa navyo. Ni vipimo pekee vitakavyokwambia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Hata kama zahanati yako haina mitambo hiyo mikubwa, omba mtoto atazamwe nyuma ya jicho, na ukiandikiwa barua ya rufaa, usiiweke kabatini.

Nami nilimwomba mwanangu radhi. Mzazi hapungukiwi kitu kwa kufanya hivyo.