Kufuli Ubaoni: Namna ya Kulishika Kufuli Unapojifunza Kulifungua Bila Ufunguo

Leo tunaweka programu kando kidogo, tuongee habari za chuma. Wanaonifahamu wanajua kwamba stima ikipotea hapa Loitokitok na betri ya laptop ikaisha, huwa sikai bure kuutazama Kilimanjaro. Natoa makufuli yangu na kuendelea na mazoezi ya kuyafungua bila ufunguo.

Msishtuke. Huu ni mchezo wa watu wa kompyuta tangu zamani. Mwongozo wake uliosomwa sana ulitoka mwaka 1991 ukibeba jina la chuo cha MIT cha Marekani, na Ulaya kuna vyama vyenye wanachama na mashindano. Sababu inaeleweka: anayeshinda mchana akitafuta kosa ndani ya programu ya mtu mwingine atapenda pia kujua ndani ya kufuli kuna nini.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Makufuli mengi tunayonunua madukani, yawe Tri-Circle au mengineyo, yanafuata mpango ambao Linus Yale mdogo aliupatia hati miliki miaka ya 1860. Ndani kuna silinda ndogo inayozunguka, na vipini vinavyosukumwa na springi viizuie. Ufunguo sahihi huvipandisha vyote hadi kimo chake, silinda ikazunguka. Kwa kuwa matundu ya vipini hayajanyooka kikamilifu, ukiisukuma silinda kidogo, kipini kimoja hukwama kabla ya vingine. Ukikipandisha hadi mahali pake unasikia kitu kidogo sana vidoleni, kisha unatafuta kinachofuata.

Kwa hiyo unahitaji vyuma viwili. Kimoja cha kukazia silinda, nitakiita kikazio. Kingine cha kuchokoa vipini, nitakiita kichokoo. Sasa hesabu: mkono mmoja una kikazio, wa pili una kichokoo. Kufuli limeshikwa na nani?

Hapo ndipo penye shida. Kazi ni tatu na mikono ni miwili. Nimejaribu njia nne, nazo ni hizi.

1. Mkononi

Unalishika kufuli kwa kiganja cha kushoto na kidole cha mkono uleule kinasukuma kikazio. Haina gharama, na unaweza kufanya mazoezi hata umekaa kwenye matatu (ingawa sikushauri, nitaeleza chini kwa nini). Kufuli likiwa kiganjani unalisikia vizuri sana.

Ubaya wake ni kwamba mkono huo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kiganja kikichoka, unakaza kufuli lisianguke, na bila kujua unakaza kikazio pia. Vipini vinakwama vyote na wewe hujui kosa liko wapi. Wenzangu waandishi wa programu wanalijua jambo hili: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, jibu unalopata halina maana.

2. Jiliwa

Jiliwa, au vaisi kama mafundi wa jua kali wanavyoiita, inamaliza tatizo hilo mara moja. Ile ndogo ya kufungwa ukingoni mwa meza inatosha kabisa.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, weka kipande cha ngozi au mpira pande zote mbili, kwa sababu meno ya jiliwa yanaikwaruza shaba. Pili, usikaze kwa nguvu zako zote. Kufuli la shaba ni kipande kimoja kilichotobolewa matundu. Ukilibana sana penye silinda, silinda inazunguka kwa shida na unachokisikia si vipini tena, ni nguvu ya jiliwa. Kaza mpaka lisitikisike, basi. Na uso wako usiwe karibu na ule upinde wa juu: katika makufuli mengi una springi, nao huruka kufuli likifunguka.

3. Ubaoni

Hii ndiyo ninayoipenda. Chukua ubao mnene, toboa matundu, na ufunge vitasa vile vinavyokaa mlangoni. Silinda ya kitasa ya mtindo wa Ulaya, ile yenye umbo la tundu la ufunguo la zamani, mlangoni hushikiliwa na skrubu moja tu ya M5 inayopita katikati yake. Kwa hiyo kama una kitasa kibovu ambacho kiwiliwili chake bado kizima, kifunge ubaoni na utakuwa unabadilisha silinda kwa skrubu hiyo moja.

Angalia pia vipini vinakaa upande gani. Silinda ya Ulaya kwa kawaida vipini na springi zake ziko chini ya njia ya ufunguo, ile ya mtindo wa Yale ziko juu. Ukiifunga kichwachini, mkono wako utazoea kitu ambacho hautakikuta kwenye mlango wowote. Kisha usiulaze ubao mezani daima. Uegemeze ukutani, usimame kama mlango.

4. Kuning'iniza

Kufuli kwa kawaida huning'inia, tundu lake likitazama chini. Basi fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha chuma cha pembe, akitoboe tundu, ukifunge kwenye ubao uleule na uning'inize kufuli hapo. Litakuwa linacheza kila ukiligusa. Mwanzoni lifunge na blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye boda. Ukizoea, legeza blada kidogo kidogo mpaka uiondoe kabisa.

Utaratibu wangu ndio huo. Kwanza lifunge kufuli lisitikisike ili ujifunze kitu kimoja. Halafu rudisha matatizo ya dunia moja baada ya jingine. Ndivyo tunavyojaribu programu kabla ya kumpa mteja.

Kama unadhani haya ni mambo madogo, msikilize Hobbs. Kampuni ya Bramah ya London iliweka kufuli dirishani mwaka 1790, ikaahidi gini 200 kwa atakayelifungua. Lilikaa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs akapewa kufuli hilo likiwa limefungwa kwenye mbao, tundu tu likionekana. Jambo mojawapo alilofanya ni kukaza kifaa chake kwenye mbao hizo, kisukume springi ya ndani muda wote ili mikono yake ibaki na kazi nyingine. Alitumia saa 51 katika siku 16, akashinda. Wenye kufuli walilalamika hasa juu ya kile kifaa kilichokazwa. Waliona wenyewe nguvu yake.

Sasa nirudi kwenye lile la matatu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inaweza kukuingiza matatani ukikutwa na vifaa vya kuvunjia nyumba. Na kabla ya polisi kuna majirani. Mji wetu ni mdogo, na mtu akiitiwa mwizi sokoni, hakuna anayengoja maelezo.

Kwa hiyo haikunishangaza mzee wa Nyumba Kumi alipofika kwangu Jumamosi moja.

"Kijana wangu, nasikia unafungua makufuli."

"Ni kweli mzee. Karibu uketi uyaone."

Nikautoa ubao. Kando ya kila kufuli kuna msumari, na kwenye msumari ufunguo wake umefungwa kwa uzi. Akaijaribu funguo mmoja mmoja, zote zikafungua. Akauliza, "Haya yanafunga nini?" Nikamwambia, "Hakuna kitu mzee. Ubao tu." Akaliangalia lile la kuning'inia, akasema stoo yake ina kama hilo. Nikamwonyesha linavyofunguka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ubao huu usiufiche ndani. Uweke hapa barazani, kila mtu auone."

Tangu siku hiyo uko barazani. Watoto wa jirani wanacheza nao, na yeye mwenyewe alinunua kufuli jingine. Baadaye mama mmoja muuza vitunguu alipopoteza ufunguo wa stoo, ni mzee aliyekuja naye kuniita, na alisimama pale mpaka nilipomaliza. Bila mimi lingekatwa kwa msumeno.

Vyama vya wachezaji vina kanuni mbili: usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usifanyie mazoezi kufuli linalotumika. Kwangu mimi ubao unazitimiza zote mbili bila maneno mengi. Kufuli lililofungwa ubaoni halilindi mali ya mtu, na kila apitaye analiona hivyo.

Anayetaka kuanza, atafute kufuli moja la bei nafuu, kipande cha ubao, blada na msumari wa kutundikia ufunguo. Msumari usiusahau.

Stima imerudi. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.