Vipande 17

Tiketi ya Uffizi inanunuliwa pamoja na saa yake. Unafungua tovuti ya jumba hilo la makumbusho lililoko Florence, Italia, unachagua siku, kisha unachagua robo saa ya kuingia. Oktoba 2024 bei ilikuwa euro 25, na euro 4 juu yake za kuweka nafasi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya elfu themanini. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi watu huingia bure, ila siku hiyo hakuna kuweka nafasi. Unapanga foleni na kumwomba Mungu. Mimi nilikuwa Padova kwa masomo ya miezi michache, posho yangu ilikuwa ya kuhesabu, na siku niliyoweza kusafiri ilikuwa Jumanne moja tu. Nikabonyeza 12:15. Kwa saa za nyumbani Babati, saa saba na robo mchana.

Hela hiyo niliitoa kwa ajili ya picha moja niliyoijua tangu utotoni.

Nimekulia Maisaka, lakini likizo nyingi za shule ya msingi nilizimalizia Katesh kwa mama mdogo, aliyeolewa huko, chini ya Mlima Hanang. Sebuleni kwake palikuwa na kalenda ya misheni. Mwaka ulipoisha alikata miezi yote akabakiza picha, akaipeleka kwa fundi sokoni ikawekewa fremu na kioo. Mwanamke mwenye gauni jekundu na joho la buluu ameketi juu ya mwamba, kitabu mkononi. Magotini pake wapo watoto wawili wa kiume. Mmoja ameshika ndege mdogo, mwingine amenyoosha mkono kumpapasa. Mama mdogo alisema ni chiriku, sisi watoto tukabisha kwa sababu kubisha ilikuwa kazi yetu. Chini kulikuwa na herufi ndogo za Kiitaliano, na ndani yake neno Uffizi. Tulilisoma “ufizi”, tukacheka hadi tukafukuzwa nje. Kuanzia siku hiyo, mtu akiumwa jino tulimwambia akasali sebuleni.

Nilikuja kujua baadaye kwamba neno hilo ni ndugu wa neno letu “ofisi”. Mwaka 1560 Cosimo I wa ukoo wa Medici, mtawala wa Florence, alimpa Giorgio Vasari kazi ya kujenga jengo la ofisi za serikali yake. Ghorofa ya juu ikawa mahali pa kuweka sanaa za ukoo. Mwaka 1737, ukoo ulipokuwa unakwisha, Anna Maria Luisa, wa mwisho wao, aliweka mkataba kwamba mali hizo zisitoke Florence. Mwaka 1769 jumba likafunguliwa kwa umma. Kwa hiyo tunachopangia foleni leo ni ofisi za zamani, na kama ofisi yoyote, hupokelewi kabla ya zamu yako.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilikatika. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa volkano. Miamba laini ya mlimani ilikuwa imenyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisi Maisaka habari ilitufikia kwa simu, kisha simu za Katesh zikawa hazipatikani, kisha tukaanza kuona video, na ndani ya video tukawa tunatafuta mapaa tunayoyafahamu.

Mama mdogo alitoka salama na wanawe wawili. Jirani zake wa upande wa juu hawakutoka. Nyumba yake ulibaki ukuta mmoja. Nilipofika siku ya nne nilimkuta anachokoa tope kwa jembe. Alipata cherehani, sufuria mbili, na ile fremu, bila kioo wala picha. Alikuja kukaa kwetu Maisaka miezi saba. Katika miezi hiyo aliongea kuhusu bei ya maharage, kuhusu uhamisho wa watoto shuleni, kuhusu maji ya Ziwa Babati. Kuhusu asubuhi ile hakutamka neno. Ukimuuliza, alinyanyuka kwenda kuangalia moto jikoni, hata kama hakuna moto. Watu wakasema ameshapoa. Baadaye alirudi Katesh, akapanga vyumba viwili, akaendelea na maharage yake sokoni.

Maktabani Padova niliitafuta ile picha kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Raphael aliichora kwenye ubao karibu na mwaka 1506, kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, mfanyabiashara Lorenzo Nasi. Ndege ni chiriku kweli, wa aina ya Ulaya, mwenye doa jekundu usoni. Wakristo wa zamani walisema doa hilo ni damu ya Yesu, kwamba ndege huyo alichomoa mwiba wa taji. Mama mdogo alikuwa sahihi. Kisha ikaja sentensi niliyoisoma mara tatu. Mwaka 1547, kilima cha San Giorgio kiliporomoka na kuangusha nyumba ya Nasi pamoja na za majirani. Ubao ulikutwa umevunjikavunjika ndani ya kifusi. Battista, mtoto wa Nasi, aliokota vipande na kuagiza viunganishwe. Aliyeandika habari hiyo ni Vasari, yuleyule aliyejenga Uffizi. Aliandika pia kitabu cha maisha ya wasanii.

Picha iliyokuwa sebuleni Katesh, chini ya Hanang, ilikuwa imeshawahi kufukiwa na kilima. Nikanunua tiketi.

Ukiwa umeweka nafasi, una mlango wako na foleni yako. Nilibeba bahasha yenye pasipoti, kibali cha kuishi, barua ya chuo na taarifa ya benki, kwa sababu tangu safari ya viza nimezoea kuwa mtu wa kuthibitishwa. Mlinzi alielekeza mashine kwenye simu yangu, mashine ikalia, akasema “Prego.” Bahasha haikufunguliwa. Mkoba ukapita kwenye mashine nyingine, nikapanda ngazi ambazo hazikutaka kwisha.

Juu kuna korido ndefu zenye sanamu za kale pande zote. Karibu na dari zimepangwa picha za watu mashuhuri zilizochorwa kwa agizo la Cosimo, nyingi kiasi kwamba watu hawazitazami. Nilikuwa nimesoma kwamba kati yao yupo Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia wa karne ya 16, kazi ya Cristofano dell'Altissimo. Niliinua shingo hadi nikampata. Bibi mmoja aliponiona nimesimama akatazama juu pia, hakuona cha kumshangaza, akaendelea. Mbele ya Venus wa Botticelli palikuwa na simu nyingi hewani kuliko vichwa. Nilimwona Venus kwenye simu ya kijana aliyekuwa mbele yangu.

Chiriku yuko chumba kimoja na Michelangelo, nyuma ya kioo. Picha yenyewe si kubwa: sentimita 107 kwa 77, kama mlango wa kabati la vyombo. Kilichonishtua ni rangi. Ile ya Katesh ilikuwa imepauka kwa jua la dirishani, na mimi nilidhani ndivyo Raphael alivyotaka. Hapa joho ni buluu ya kweli, mashavu ya watoto yana damu, na nyuma, upande wa kushoto, kuna daraja dogo ambalo kwenye kalenda lilikuwa doa tu. Mguu wa Yesu umekanyaga mguu wa mama yake, jinsi mtoto yeyote anavyomkanyaga mama akitaka kufikia kitu.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta nyufa. Nilijua mahali pa kuzitafuta. Taasisi ya Florence inayoitwa Opificio delle Pietre Dure ilifanyia ubao huo kazi kwa takriban miaka 10, hadi 2008. Eksirei ilionyesha vipande 17 na misumari iliyotumika kuvishikilia. Mafundi waliondoa tabaka za uchafu na rangi za watengenezaji wa zamani, wakaziba pengo kwa pengo. Nilisogea kushoto ili mwanga upige upande. Nikachuchumaa. Mlinzi wa chumba akapiga hatua moja kuja kwangu, nikasimama wima. Sikuona mshono hata mmoja wa kuuapia.

Tiketi hukupangia saa ya kuingia tu. Kutoka ni hiari yako hadi wanapofunga. Nilikaa pale karibu saa nzima. Wageni wengi walisimama kwa muda wa kusoma jina, kupiga picha na kuondoka. Mwongozo mmoja aliongea kuhusu pembetatu inayoundwa na mama na watoto. Nilifurahi kwamba picha ni nzima, na hapohapo nikaona wivu, hata hasira kidogo. Nilitaka mishono ionekane. Nilitaka mtu mmoja kati ya wale aulize imefikaje hapa.

Mwisho wa korido kuna madirisha yanayotazama mto Arno, Ponte Vecchio na vilima vya ng'ambo. Nilipotoka nilivuka daraja hilo nikafuata mtaa wa Via de' Bardi, chini ya kilima kilekile. Ukutani kuna jiwe lenye maandishi ya Kilatini, ambayo tafsiri yake nilikuwa nimeinakili kwenye daftari. Linasema kwamba nyumba za mahali hapo zilianguka mara tatu kwa ubovu wa ardhi, na kwamba Cosimo amekataza mtu yeyote kuzijenga tena. Oktoba 1565. Hakuna foleni kwenye jiwe hilo, wala tiketi. Pikipiki ilipita, mama mmoja akapita na mfuko wa mboga. Nilisimama nikawaza mazungumzo tuliyoyasikia Katesh mwaka mzima, nani ajenge wapi, nani ahame, nani atamwambia mzee kwamba kiwanja cha baba yake si kiwanja tena.

Jioni, nikiwa kituo cha treni, nilimpigia mama mdogo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Leo nimeiona picha yako. Ya chiriku.”

Alinyamaza. Nikamweleza kila kitu: nyumba, kilima, kifusi, mtoto aliyeokota vipande.

“Mlima wenyewe mkubwa?”

“Kilima tu, mama. Hakifiki hata nusu ya Kwaraa.”

“Vipande vingapi?”

“Kumi na saba.”

“Panaonekana palipounganishwa?”

“Hapaonekani. Waliitengeneza miaka kumi.”

“Miaka kumi kwa ubao mmoja,” alisema. Kisha, taratibu: “Sisi mwezi wa pili tu watu walishaanza kutuuliza kama tumezoea.”

Sikuwa na jibu, na nashukuru sikulitafuta. Akaanza kusimulia. Alisema mwanzoni alidhani ni lori limekata breki. Alisema alimvuta mtoto mdogo kwa mkono, na mkubwa kwa shati, na shati likachanika, na mpaka leo husikia ule mchaniko kuliko ngurumo. Akawataja jirani wa upande wa juu, mmoja mmoja, na watoto wao, kwa majina yao yote mawili, kama anayeita mahudhurio darasani. Treni ya kurudi Padova iliondoka nikiwa kwenye benchi. Nikapanda ya baadaye.

Kwenye duka la makumbusho nilikuwa nimemnunulia nakala ya picha ile, imekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Nilipomwambia, alisema nisiipeleke kwa fundi wa fremu. Hataki kioo tena ndani ya nyumba. Na akaomba jambo moja.

“Nyuma yake nichoree ilipovunjikia.”

Basi nimechapisha ile eksirei maktabani, nimeigeuza kushoto kulia ili mistari ikae sawa upande wa nyuma, na ninachora kwa penseli, taratibu, ili isipenye mbele. Imenichukua jioni mbili. Kila kipande nimekipa namba. Jana nilihesabu mara mbili kuhakikisha viko 17.