Jina la Kwanza Kwenye Fomu

Kwenye mkanda wa begi langu la kupandia milima nimefunga kidude cha njano, kinaenea kiganjani, ambacho sijawahi kukitumia na naomba nisije nikakitumia. Ukikunjua antena na kubonyeza kitufe, kinatuma mawimbi ya megahezi 406 kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat. Makubaliano ya mfumo huo yalitiwa saini mwaka 1979 kati ya Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Yaani watu waliokuwa wakielekezeana makombora walikaa mezani wakakubaliana kusikiliza vilio vya mabaharia na marubani. Hilo peke yake lingetosha riwaya.

Hakina maneno. Huwezi kukiambia kama umevunjika mguu au umeumwa na nyoka. Kinachofika ni utambulisho wa herufi na tarakimu 15, na mahali ulipo. Sijui maandishi mengine mafupi kiasi hicho yanayosema "nipo hapa, njooni".

Naishi Utah, na hapa huwezi kutembea makorongoni bila mtu kukutajia Aron Ralston. Aprili 2003 aliingia Bluejohn Canyon peke yake, bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Jiwe likambana mkono. Siku zikapita, mwishowe akaukata mwenyewe ndipo akatoka. Kitabu chake nimekisoma mara mbili. Filamu niliizima katikati. Vidude hivi viliruhusiwa kwa watu binafsi Marekani nzima Julai mwaka huohuo, miezi michache tu baadaye. Rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri kuliko mimi, husema kingeiua hadithi yote. Mimi nasema na ife. Ila tuwe wakweli: ndani ya korongo jembamba, anga likionekana juu kama utepe, nisingekitegemea sana. Kinahitaji kuona anga. Kumwambia mtu uendako hakuhitaji anga.

Fomu ndiyo iliyonikamata. Kidude lazima kisajiliwe NOAA. Ni bure, na unahuisha kila miaka miwili. Wanataka watu wa kupigiwa simu. Ukikiwasha huku bara, habari zinafika kituo cha uratibu wa uokozi cha jeshi la anga kule Florida, nao wanawapigia hao watu: huyu kweli yuko porini? Kapita njia gani?

Nilikaa na ile fomu wiki nzima. Miaka tisa Marekani, mke sina, na jirani yangu mstaafu ananijua kwa jina na kwa gari. Mama yuko Tanga. Nikimwandika jirani, naona kama nimemkana mama yangu. Nikimwandika Mama, simu itamkuta usiku wa manane, na mtu anaongea Kiingereza cha kijeshi, cha puani.

Nikampigia, nikamweleza.

"Sasa hao wakipiga, watasema Kiswahili?"

"Wapi, Mama!"

"Basi muandike huyo jirani. Lakini yeye anajua unakokwenda?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Wewe, nikikuambia."

"Haya, mwanangu, niambie mimi. Halafu na yeye mwambie hayohayo."

Kwa hiyo jirani ndiye jina la kwanza, na kabla ya kila safari nampelekea karatasi. Siku hizi ananiuliza habari za Tanga. Mama anaandika nyuma ya daftari la madeni ya duka lake: siku, mahali kama masikio yake yalivyolisikia, saa ya kurudi. Kapitoli Rifu. Goblini. Siku hizo daftari analala nalo nyumbani. Saa kumi na mbili jioni ya huku, wakati wa kiangazi, ni saa tisa usiku kwake. Nimemwambia alale, nitampigia kukikucha, hataki kusikia. Nikishashuka, hata sijavua viatu, napiga. Anapokea mlio wa kwanza, ananiuliza kama nimekula, na huku nasikia kalamu ikikwaruza: ananifuta, kama mteja aliyelipa.