Barza ya Kadutu: hadithi ya kurudi nyumbani kwa Noeli



Kijana mmoja anayekaa na wazazi wake kwenye machimbo alinipa daftari lake nisome. Ndani yake aliandika hadithi ya mapendo ya wakati wa Noeli. Bwana mmoja anatoka machimboni kisha miaka mitano. Anafika Bukavu na valizi mbili, zahabu iko mfukoni. Bibi yake anamkimbilia, wanakumbatiana, korali inaimba, mwisho. Kijana akaniuliza: « Mchungaji, ni nini inakosekana? » Nikamjibu: « Mji unakosekana, na barza inakosekana. »

Leo nataka kukutembeza Bukavu, wewe pia unayependa kuandika, ili uone hadithi kama hiyo inapita njia gani.

MJI ULIOANZA UPYA MARA NYINGI

Bukavu iko kusini ya Ziwa Kivu, katika milima, kwenye urefu wa metre karibu 1.500. Ncha tano za udongo zinaingia ziwani kama vidole vya mkono. Wazee wanasema jina linatoka « Bunkafu », mahali pa ng'ombe. Wabelgiji waliuita mji Costermansville mwaka 1927, lakini katika miaka ya 1950 jina la Bukavu lilirudi. Ona basi: hata jina la mji lilikwenda, kisha likarudi nyumbani.

Mji huu umeonja mateso. Mwaka 1967 askari wa kukodishwa wa Jean Schramme waliukamata kwa miezi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walivuka mto Ruzizi kutoka Rwanda. Vita ilifika mwaka 1996, tena 1998, tena 2004. Mwezi wa pili mwaka 2025 watu wa M23 waliingia. Na kila mara, vita ikipita kidogo, mama anafungua meza yake sokoni, mtoto anavaa shati jeupe na kwenda masomoni. Ukitaka kuandika juu ya watu wanaoanza upya, hauna haja ya kubuni mji mwingine.

Utaniambia: « Mchungaji, hadithi za namna hii zinapendeza katika mji mdogo, na Bukavu ni mji mkubwa. » Ni kweli, watu wamepita milioni moja. Lakini panda Kadutu, ingia kati ya nyumba za mbao zilizoshikamana kwenye mlima. Jirani akikaanga sambaza, wewe unajua. Bwana na bibi wakigombana usiku, asubuhi avenue yote inajua. Kila avenue ni mji mdogo. Ndiyo sababu kurudi ni kugumu: mtu harudi kwa siri.

NJIA YA MACHIMBO

Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni kilometre karibu 180, kupitia Mwenga na Walungu. Noeli inaanguka katika majira ya mvua. Njia inakuwa matope, lori linalala njiani siku mbili, siku tatu. Mwandishi asiruke pale. Katika lori lile lililokwama, mtu anahesabu miaka. Anajiuliza: mtoto niliyemwacha mgongoni, atanijua?

Mwaka 1982 Serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba zahabu na almasi kwa mikono yao. Toka wakati ule baba wengi waliacha mashamba na kwenda. Wengine walipata, wengi walipata madeni tu. Wengine hawakurudi kabisa: tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua kubwa ilijaza mashimo ya zahabu Kamituga, na watu karibu 50 wakafa. Kwa hiyo, mama anayekaa Bukavu bila habari hajui amlilie bwana wake au amkasirikie. Weka jambo hilo katika hadithi yako. Ni uzito aliobeba yule anayengojea.

SOKO LA KADUTU, TAREHE 24

Siku ya 24 Disemba soko la Kadutu linajaa tangu asubuhi. Mama wanatafuta viatu vya watoto, kikwembe, mchele, kuku kama feza inatosha. Kama haitoshi, ni sambaza na bugali na sombe, na Noeli ni Noeli. Jioni watoto wanakimbilia kanisani kwa mchezo wa Noeli: Yosefu mwenye ndevu za pamba, na malaika anayesahau maneno yake.

Hapo ndipo ninafika kwa hadithi ninayoijua vizuri, kwa sababu ni ya nyumba yetu.

BARZA

Baba yangu alikwenda Kamituga mwaka 1986. Mimi nilikuwa na miaka sita. Mwanzoni alituma feza, kisha barua tu, kisha kimya. Mama aliuza sambaza Kadutu, akatulisha watoto wanne.

Tarehe 24 Disemba 1991, saa kumi ya jioni, mvua inanyesha, mtu alisimama mbele ya nyumba. Alibeba kikwembe na radio ndogo. Mama alimtazama wakati mrefu. Hakukimbia, hakulia. Alisema: « Karibu. Ukae kwanza hapo kwa barza. »

Akamletea kiti na chai ya moto. Kikwembe hakukipokea. Akasimama mlangoni, akamwuliza maswali matatu. La kwanza: « Minervali ya watoto, ulilipa mwaka gani? » Baba akanyamaza. La pili: « Uko na bibi mwingine kule? » Baba akajibu: « Ndiyo. » La tatu: « Na mtoto? » Baba akasema: « Mmoja. Mtoto msichana. »

Ndugu msomaji, nilikuwa nyuma ya mlango, na nilitamani mama amfukuze. Nilitamani pia amwingize. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Usiku ule baba alilala kwa mzee mmoja wa kanisa. Siku ya Noeli alikaa kwenye benchi ya nyuma. Watu waligeuza vichwa. Hakuna korali iliyoimba kwa ajili yake.

Kisha sikukuu, jamaa mbili zilikutana. Mama alisema mbele ya wote: « Mimi ninaweza kusamehe, lakini siwezi kusahau kwa siku moja. Na yule mtoto wa kule hakukosa kitu. » Baba alipata kazi ya kubeba mchanga. Kila juma alileta feza ya chakula, anaiweka mezani, anarudi kulala kwa mzee. Pamoja na wazee wawili alisafiri mpaka kwa jamaa ya yule mwanamke, akakiri kosa lake, akakubaliana nao namna ya kumlea mtoto. Pasaka ikapita. Ni mwezi wa 6 ndipo mama alimwambia: « Leo mvua ni nyingi. Ingia. »

Yule msichana alikuja kwetu wakati wa vakansi, na kila mwaka akarudi. Leo mama amezeeka, miguu yake ni migonjwa. Anayemwuguza, kumwogesha na kumpikia uji ni huyo dada yetu.

BETELEHEMU ULIKUWA MJI MDOGO

Fungua kitabu cha Rutu, sura nne tu. Ni hadithi ya mapendo ya mji mdogo, na nafasi ya pili, na jamaa. Naomi alikwenda Moabu sababu ya njaa, kama vile sisi tunakwenda machimboni. Alifiwa na bwana na watoto wawili, akarudi Betelehemu mikono mitupu, wakati wa kuvuna shayiri. Naye hakuficha uchungu wake mbele ya wanawake wa mji.

Angalia Boazi. Alimpenda Rutu, lakini hakufanya mambo gizani. Kulikuwa jamaa mwingine mwenye haki mbele yake, basi Boazi alikwenda mlangoni pa mji na kukaa na wazee kumi, neno likamalizwa mbele ya watu. Mapendo ya kweli yanakubali kuulizwa maswali. Na kutoka nyumba ile alizaliwa Obedi, babu ya Daudi. Matayo, anapohesabu ukoo wa Yesu, anamtaja Rutu kwa jina. Kwa hiyo Noeli yenyewe inapita katika nyumba ya mjane mgeni aliyeanza upya.

UKIANDIKA, UKUMBUKE

Kwanza, usinunue masamehe kwa valizi. Zahabu inaweza kulipa deni la masomo, lakini haiwezi kurudisha miaka. Mpe mtu wako kazi ya kufanya kisha sikukuu.

Pili, usimsahau mwanamke wa machimboni na mtoto wake. Katika hadithi nyingi wanapotea kama moshi. Lakini mbele ya Mungu wao ni watu. Mtu akitubu kwa nyumba moja kwa kutupa nyumba nyingine, ametubu nusu.

Tatu, usimlazimishe mama kusema ndiyo. Kuna bwana anayerudi na fimbo mkononi. Mwanamke aliyepigwa ana haki ya kufunga mlango, na kanisa lisimsukume. Hapa Bukavu Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imepokea wanawake wengi sana walioumizwa. Yeye mwenyewe, mtoto wa mchungaji, alipata Tuzo la Nobel la Amani mwaka 2018. Kusamehe si kurudi chini ya fimbo. Na bwana anayerudi kwa amani, apimwe damu kwanza, bila kukasirika. Hiyo pia ni mapendo.

Nne, andika barza. Kati ya njia na chumba kuna mahali pale pa kungojea. Si nje, si ndani. Mtu anayekubali kukaa pale bila kupiga mlango, huyo ameanza kurudi kweli.

Kijana wangu alichukua daftari lake, akafuta mwisho. Sasa bwana yule anakaa kwa kiti kidogo, chai mkononi, mvua inanyesha juu ya Kadutu, na mtoto anamchungulia nyuma ya mlango. Aliniuliza: « Na kisha? »

Nikamwambia: « Sasa ndiyo hadithi inaanza. »

Na wewe baba unayesoma ukurasa huu karibu na shimo lako, ambaye hujapiga telefoni nyumbani tangu mwaka jana: usingojee zahabu iwe nyingi, wala usingojee Noeli. Piga leo. Na wakikuambia ukae kwanza kwa barza, kaa.

Mungu abariki nyumba zenu.